Umri Unasingiziwa: Kitambi, Sukari na Sahani ya Mzee wa Itigi

Mtu akifika miaka 50 na suruali zikaanza kumkataa kiunoni, jibu huwa tayari: ni umri. Mke husema hivyo, fundi cherehani anayeachia mshono wa nyuma husema hivyo, na wapo hata wahudumu wa afya wanaomalizia maongezi hapo hapo. Ni jibu la heshima, halimlaumu mtu wala chungu chake. Tena katika miji ya bara kama Itigi, mkoani Singida, kitambi hakijawahi kuwa aibu. Anayerudi kutoka Dodoma au Dar es Salaam amejaa mashavu huambiwa amenawiri. Anayerudi amekonda, watu huulizana pembeni anaumwa nini. Tangu ukimwi uingie katika miaka ya 1980, wembamba umebeba tuhuma ambayo haijaisha, na mama wa makamo anayetaka kupunguza kilo analazimika kwanza kuwahakikishia majirani kwamba ni mzima.

Jibu la umri ni kweli nusu, na nusu yenyewe ndiyo tusiyoiangalia. Kati ya miaka 20 na 60 umri una mkono mdogo sana katika kunenepa kwetu. Baada ya hapo unaanza kweli kufanya kazi, ila kazi yake kubwa si kuongeza mafuta, ni kuondoa misuli. Tunapochanganya vipindi hivi viwili tunawapa watu ushauri wa chakula uliopinduka: wenye matumbo tunawaacha waendelee, na waliokwisha kukauka tunawaambia wapunguze kula.

Tuanze na huo umri. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha kazi ya Herman Pontzer na kundi kubwa la wenzake, waliounganisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga wenye siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Katika vipimo hivyo mtu hunyweshwa maji yenye atomi zilizotiwa alama, kisha mkojo wake hupimwa kwa siku kadhaa, na kutokana na kasi ya alama hizo kupotea hujulikana mwili umechoma nishati kiasi gani. Walipozingatia ukubwa wa mwili wa kila mmoja, matumizi hayo yalisimama palepale kuanzia miaka 20 hadi 60. Hata kwa wanawake hakukuonekana mteremko wa ghafla wakati wa kukoma hedhi. Kushuka kunaanza baada ya 60, kwa kiasi cha asilimia 0.7 hivi kila mwaka. Kwa hiyo karani wa miaka 45 ambaye amefungua matundu matatu ya mkanda tangu aoe hawezi kusema mwili wake umepoa. Mwili wake unachoma kama zamani. Kilichobadilika ni kinachoingia.

Pontzer huyo huyo alikuwa ameshafanya kazi na Wahadza, na Wahadza si watu wa mbali kwa msomaji wa Singida: wapo wanaoishi ndani ya mkoa, upande wa Mkalama, ingawa wengi wako kuzunguka Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 yeye na wenzake walionyesha kwamba wanaume wa Kihadza walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6, lakini jumla ya nishati waliyotumia, ukilinganisha miili ya ukubwa uleule, haikuzidi ya mfanyakazi wa ofisini Marekani. Matokeo haya yaliwaudhi wengi, maana yanaondoa kisingizio cha pili, kwamba tunanenepa kwa sababu tu tumeacha kutembea. Mwili una namna ya kubana matumizi mahali pengine pale unapofanya kazi nyingi.

Hapo ningeweka tahadhari, kwa sababu kuna utafiti mwingine wa hapa nyumbani unaovuta upande wa pili. Nigel Unwin na wenzake waliwafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Ndani ya mwaka mmoja wahamiaji waliongezeka wastani wa kilo 2 na zaidi, na kazi nzito za mwili zilipungua mno, hasa kwa wanaume. Je, ni jembe lililoachwa au ni chipsi zilizopatikana? Ninavyousoma ushahidi wote kwa pamoja, sahani ndiyo inayoamua uzito, na kazi ndiyo inayoamua mafuta yakae wapi na misuli ibaki au iondoke. Wahadza wanakula asali kwa wingi ambao ungemtisha daktari yeyote wa kliniki ya sukari. Lakini watafiti waliowafunga mashine za kupima mapigo ya moyo waliwakuta wakifanya zaidi ya saa 2 kwa siku za shughuli ya wastani au nzito, wazee nao wakiwa hawajaachwa nyuma sana.

Basi tuingie jikoni. Itigi ni mji wa reli. Njia ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 ilikuwa imeshapita hapa, katikati ya vichaka vizito ambavyo wataalamu wa mimea duniani wanavijua kwa jina la mji huu. Nje ya mji, kuelekea Mgandu, Mitundu na Rungwa, kuna Wakimbu, Wagogo, Wanyaturu, Wasukuma na mifugo yao, na mvua ya msimu mmoja isiyoaminika. Chakula cha asili cha nchi kavu namna hii ni uwele na mtama, mlenda, kunde na majani yake, karanga, mbuyu, maziwa kwa wafugaji, nyama kwa nadra, asali kwa msimu. Ni chakula kigumu. Kinatafunwa, kinajaza tumbo, na sukari yake hutoka polepole.

Mahindi yaliingia na kushika nafasi ya kwanza, na mashine ikafuata. Ukitaka kuona mabadiliko ya lishe ya bara kwa macho yako, simama mashineni nusu saa. Mama anatua debe kutoka kichwani, fundi anauliza: unakoboa, au dona? Wengi wanakoboa, na wanalipa zaidi kwa ajili hiyo. Mahindi yananyunyiziwa maji kidogo yalainike ngozi, yanamiminwa kwenye mashine ya kwanza, na kwa upande mmoja zinatoka pumba: ganda pamoja na kiini, yaani nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini na mafuta mazuri ya punje. Upande mwingine zinatoka punje nyeupe zilizobaki wanga mtupu, au karibu na mtupu, nazo ndizo zinazosagwa kuwa sembe. Pumba anapewa kuku. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasifika nchi nzima kwa utamu, na sishangai, maana wanakula nusu bora ya mlo wetu.

Ila wahubiri wa dona, ule unga usiokobolewa, nami nikiwa mmoja wao, wana jambo la kumeza. Mama yule anakoboa kwa sababu zenye akili. Dona huchachuka mapema kwa mafuta ya kiini, sembe hukaa. Na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kukoboa huipunguza. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara. Kumwambia mtu ale dona bila kumwambia akaushe mahindi vizuri na kuchambua punje zilizooza ni kumtoa kwenye shimo moja kumtia lingine.

Baada ya sembe kuna mafuta na sukari. Singida ni nchi ya alizeti. Mafuta yake yanakamuliwa jirani na kuuzwa kwenye madumu kando ya barabara. Ni mafuta ya aina nzuri, lakini kijiko kimoja cha chakula kina kilokalori 120 hivi, na mboga inayoelea haihesabu vijiko. Mafuta ya chipsi yanayochemka siku nzima karaini ni habari nyingine kabisa. Sukari nayo huingia kimyakimya kupitia chai: vijiko vitatu asubuhi, vitatu mgeni akija, vitatu jioni. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayofika vijiko 9 vya chai. Na najua nitagombana na watu wa Itigi, lakini asali yao, ambayo abiria wa treni hawapiti bila kuitafuta, ni sukari pia. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 17 za sukari. Ina harufu ya maua ya vichaka na ina historia ya kuwa dawa. Ini linaipokea kama glukosi na fruktosi. Mzee mwenye sukari anayeiacha sukari ya dukani na kuhamia asali kwa vijiko vilevile amebadilisha ladha tu.

Chakula kilichozidi huhifadhiwa kama mafuta, na swali la afya ni yanahifadhiwa wapi. Mafuta ya chini ya ngozi, ya makalio, mapaja na mikono, hayana ubaya mkubwa. Ni ghala lililotulia. Ghala hilo likijaa, au mtu akiwa na umbile lenye ghala dogo, mafuta huanza kuingia ndani: kuzunguka utumbo, kwenye ini, kwenye kongosho, katikati ya nyuzi za misuli. Ini lenye mafuta huacha kuisikiliza insulini na kumwaga sukari kwenye damu hata mtu asipokula. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, mpaka linachoka. Hapo ndipo sukari, presha na mafuta mabaya ya damu hukutana kwa mtu mmoja. Umri una sehemu hapa, nakubali. Homoni za kike zikishuka baada ya kukoma hedhi, mafuta yaliyokuwa yanakwenda nyongani huhamia tumboni, na kwa wanaume uelekeo ni huohuo taratibu. Mwanamke anaweza kuwa na kilo zilezile kwa miaka 10 na bado akawa amebadilika ndani.

Ndiyo maana mizani inadanganya, na kamba haidanganyi. Kipimo kinachofaa Itigi hakihitaji hata umeme. Chukua kamba, msimamishe mtu bila viatu, pima urefu wake kutoka kisigino hadi utosini, kata. Kunja kamba hiyo katikati. Sasa izungushe tumboni usawa wa juu kidogo ya kitovu, akiwa ametoa pumzi bila kujibana. Ncha zikikutana, kiuno chake hakizidi nusu ya urefu, na hali ni nzuri. Zisipokutana, mafuta ya ndani yameanza kuwa mengi, hata kama mtu mwenyewe anaitwa mwembamba. Shirika la Afya Duniani linatumia pia sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake kama mwanzo wa hatari, lakini mipaka hiyo imetokana zaidi na miili ya Ulaya, na mimi naiamini kamba zaidi.

Takwimu za nchi zinaonyesha jinsi mambo yalivyokwenda mbio. Mwaka 1989 Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake, akiwamo Andrew Swai, walichapisha katika Lancet upimaji wa watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania: wenye kisukari walikuwa chini ya asilimia 1. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana sukari, na robo wana presha. Vipimo havikufanana kabisa, na mjini na kijijini vimechanganywa, kwa hiyo namba hizi mbili zisiwekwe kwenye mizani moja bila uangalifu. Lakini hakuna hesabu ya uangalifu itakayofuta pengo la ukubwa huo. Wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 11 mwaka 1991 na 1992. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 28.

Angalia lakini mipaka ya umri: 25 hadi 64. Mzee wa miaka 70 hakuhesabiwa. Nchi inayosema wazee ni hazina iliwaacha nje ya upimaji wake mkubwa wa magonjwa ya uzeeni. Tunachojua kuhusu wao kimetoka sehemu chache, hasa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako watafiti waliopima watu wa miaka 70 na kuendelea vijijini walikuta presha kwa karibu 7 kati ya kila 10. Itigi haina takwimu zake za namna hiyo, ingawa ina Hospitali ya Mtakatifu Gaspari, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Damu Azizi mwishoni mwa miaka ya 1980, na foleni ya kliniki za magonjwa sugu popote bara inaweza kumwambia mtu mengi kabla takwimu hazijafika.

Je, tunaweza kusema kwa uhakika kwamba chakula ndicho mkosaji? Tafiti za kulinganisha vijiji haziwezi kuthibitisha, kwa sababu watu wa mjini na wa kijijini wanatofautiana kwa mambo mia. Ndiyo maana jaribio la Kilimanjaro lililochapishwa katika Nature Medicine mwaka 2025 lina uzito wa pekee. Watafiti wa KCMC, Moshi, na wenzao wa Radboud, Uholanzi, akiwamo Godfrey Temba na Quirijn de Mast, waliwachukua vijana wa kiume 77 wenye afya. Waliokuwa wamezoea chakula cha asili, chenye ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, wakabadilishiwa kwa wiki 2 na kupewa chakula cha kizungu cha soseji, mkate mweupe na vya kukaanga. Wengine wakafanya kinyume. Kundi jingine likanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kizungu damu yao ilionyesha dalili za mwako wa kinga na mwili ukaanza kuharibika katika matumizi ya sukari na mafuta. Waliohamia chakula cha asili walipata kinyume chake, na sehemu ya mabadiliko hayo ilionekana bado wiki 4 baadaye. Wiki 2 tu! Lakini walikuwa vijana, tena wanaume. Anayechukua matokeo hayo na kumwekea bibi wa miaka 72 anaruka hatua ambayo utafiti haujaivuka. Kuhusu mbege, sitaki kuwapa walevi hoja.

Kuna kazi ya zamani zaidi ambayo watu wa lishe nchini wanaisahau. Katika miaka ya 1990 kundi la Waitaliano likiongozwa na Paolo Pauletto lililinganisha vijiji viwili vya Wabantu wa asili moja kusini mwa nchi, eneo la Lugalawa: kimoja kando ya Ziwa Nyasa ambako watu walikula samaki kila siku, gramu 300 hadi 600, na kingine cha milimani kilichokula karibu mimea pekee. Wala samaki walikuwa na presha ya chini na mafuta ya damu mazuri zaidi. Miaka michache baadaye sampuli zilezile zilionyesha kuwa wala samaki walikuwa pia na kiwango kidogo zaidi cha leptini, homoni itolewayo na mafuta ya mwili, na tofauti hiyo haikuelezwa na unene. Itigi haina ziwa, lakini ina reli, na reli inaleta dagaa wa Kigoma. Nitawarudia.

Uwele unastahili sifa zake, ingawa kwa kipimo. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa wa kimataifa wa nafaka za jamii hii, na uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2021 na wataalamu wa taasisi ya ICRISAT na wenzao ulikuta kwamba wanaokula uwele, ulezi na ndugu zao mara kwa mara walishusha sukari ya asubuhi kwa wastani wa asilimia 12. Taasisi hiyo kazi yake ni kuendeleza nafaka hizo, kwa hiyo usingetegemea iseme vinginevyo, lakini hesabu zinakwenda na tunachojua kuhusu nyuzinyuzi na kasi ya wanga. Sharti ni kwamba uwele usikobolewe ukawa mweupe kama sembe. Na ugali wa uwele uliofinyangwa kilo nzima bado ni ugali kilo nzima.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba tatizo la mzee ni kuzidi. Kwa wazee wengine wa Itigi, na huenda ni wengi, tatizo ni kinyume.

Misuli huanza kupungua kuanzia miaka ya thelathini, kwa asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na kasi huongezeka baada ya 60. Misuli si ya kubeba magunia tu. Ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari ya mlo. Ikisinyaa, sukari hukosa pa kwenda. Mzee anaweza kukonda mikono na mapaja huku tumbo likibaki, kilo zikashuka, watu wakampa pole kwa kukonda au hongera kwa kupungua, na hali yake ya ndani ikawa mbaya kuliko ya jirani mnene. Kuzuia hilo kunahitaji vitu viwili, kazi ya nguvu na protini. Jopo la wataalamu lililokaa mwaka 2013 lilipendekeza wenye zaidi ya miaka 65 wapate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, zaidi ya kijana, isipokuwa wenye figo mbovu sana. Mzee wa kilo 55 anahitaji basi gramu 55 hadi 66.

Sasa fuata sahani yake. Meno yameisha, mke amefariki, mkwe anampikia. Kwa upendo kabisa anapewa uji. Mgonjwa haulizwi uji, na uzee tunauchukua kama ugonjwa usioisha, basi uji asubuhi, uji jioni, mweupe, wa sembe, wenye sukari ya kutosha ili babu afurahi. Nyama ikipikwa anapewa mchuzi kwa sababu hawezi kutafuna. Gramu 100 za unga wa sembe zina protini gramu 7 au 8, na bakuli la uji halifikishi hata gramu 100 za unga. Ukihesabu siku nzima unaweza kukuta gramu 25. Mwili unamalizia zilizobaki kwa kula misuli yake wenyewe. Sukari ya uji huo, kwa mtu asiye na misuli ya kuipokea, inabaki kwenye damu. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuwa na utapiamlo na kisukari kwa wakati mmoja, ndani ya shuka moja.

Historia ya nchi kavu inaongeza jambo. Ugogo ulipitia Mtunya, njaa kuu ya 1917 hadi 1920, na ukame haukukoma hapo. Wazee wa leo, waliozaliwa miaka ya 1940 na 1950, walikuwa vijana wakati wa njaa ya 1973 hadi 1975, na wengi walizaliwa na mama waliolala njaa. Uholanzi, watu waliokuwa matumboni wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945 walipopimwa wakiwa na miaka 50 miili yao ilishindwa sukari kuliko wenzao waliozaliwa kabla. China ilikuta hali inayofanana kwa watoto wa njaa ya 1959 hadi 1961, hasa pale walipoishi baadaye na chakula cha kisasa. Mwili uliofundishwa uhaba tumboni hujenga kongosho dogo na ghala dogo la mafuta. Shibe ikija, hauna pa kuiweka. Aprili 2025, Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali rasmi aina ya tano ya kisukari, ile inayofungamana na utapiamlo na kuwapata watu wembamba wasiotoa insulini ya kutosha. Wapo wataalamu wanaobisha kama kweli ni ugonjwa wa peke yake. Kwa mhudumu wa zahanati ubishi huo una maana moja ya haraka: mtu mwembamba anayekunywa maji mengi na kukojoa usiku apimwe sukari, asirudishwe nyumbani kwa sababu hana kitambi.

Tuseme basi wazee wawili wameketi benchi moja la kliniki, wote wana sukari. Mmoja ni mtumishi mstaafu, kilo 92, kamba haikutani. Mwingine ni mkulima kutoka Mgandu, kilo 48, mapaja kama fimbo. Muuguzi anawasalimia, "Shikamooni wazee wangu," anaitikiwa marahaba, na kwa kuwa foleni ni ndefu anawapa wote neno moja: punguzeni wanga, punguzeni mafuta, punguzeni chumvi. Kwa wa kwanza ushauri huo ni dawa. Jaribio la DiRECT la Uingereza, la Mike Lean na Roy Taylor, lilionyesha kwamba watu wenye kisukari cha miaka michache waliopunguza uzito kwa mlo wa kilokalori 850 hivi kwa siku, chini ya uangalizi, karibu nusu yao walikuwa wameondoka kwenye kisukari baada ya mwaka, bila vidonge. Mafuta ya ini na kongosho yakitoka, insulini hurudi kusikika. Ila hata mstaafu huyu akipunguza kwa njaa tupu atapoteza misuli pamoja na mafuta. Wamarekani wakiongozwa na Dennis Villareal waliwapunguza uzito wazee wanene na mwaka 2017 wakaonyesha kwamba walioongeza mazoezi ya kubeba vizito pamoja na ya kutembea ndio waliohifadhi nguvu vizuri zaidi. Ndoo ya maji, jembe la bustani, kuinuka na kuketi kwenye kigoda mara nyingi, yote hayo ni vizito.

Kwa wa pili, neno lilelile ni sumu. Anachohitaji ni kuongezwa: dona au uwele badala ya sembe, karanga zilizopondwa ndani ya uji, kunde zilizopikwa zikalainika, yai, na dagaa. Dagaa mkavu ana protini inayozidi nusu ya uzito wake. Gramu 30 za unga wa dagaa zilizokorogwa kwenye uji wa chumvi au mlenda zina karibu theluthi moja ya mahitaji yake ya siku, na hazihitaji jino hata moja. Kinachotoka ni sukari ya uji, si uji. Taasisi ya Chakula na Lishe ilitoa mwongozo wa taifa wa ulaji mwaka 2023, na ni kazi nzuri, lakini mwongozo wa taifa zima hauwezi kumjua mzee wa Mgandu. Anayemjua ni mhudumu wa ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, ambaye mara nyingi hupewa mizani ya watoto na kufundishwa utapiamlo wa watoto.

Kipimo cha pili anachoweza kubeba mhudumu huyo kichwani, mbali na kamba, ni cha kiti. Mzee aketi kwenye kiti cha kawaida, akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara 5. Wataalamu wa Ulaya wa misuli ya wazee waliweka mwaka 2018 mpaka wa sekunde 15. Anayezidi hapo, au anayeshindwa kuinuka bila kushika kiti, misuli yake tayari ina shida, na hapaswi kuambiwa apunguze chakula kabla ya mtu kuchunguza anakula nini, nani anampikia, na baada ya wengine wangapi kupakua.